Likizo ya Maporomoko

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mtunza bustani alikuta mwamba mkavu. Maporomoko hayakuwepo. Palibaki konokono watatu, kopo la soda na barua iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo: likizo ya mwaka, siku ishirini na moja, imeidhinishwa. Muhuri ulikuwa wa meneja mwenyewe.

Aliisoma mara mbili. Yeye alikuwa ameomba likizo miaka sita mfululizo akamwone mama yake, ambaye kila akipigiwa simu huuliza kwanza atakuja lini ndipo asalimie. Kila mwaka alijibiwa kwamba ombi lake linashughulikiwa. Ilimuuma, tena sana, akaenda ofisini.

"Bosi, kumbe maporomoko yamepewa likizo?"

"Yalileta fomu mapema," alisema meneja, akichovya mkate kwenye chai.

"Hata mimi nilileta."

"Wewe ni mtu muhimu, bwana. Ukiondoka wewe bustani itakufa. Chukua mpira wa maji, panda juu ya mwamba umwage, wageni wasije wakalalamika."

Basi siku ishirini na moja alijificha kichakani juu ya mwamba, akimwaga maji kwa mpira tangu saa tatu mpaka saa kumi na moja jioni. Watu wote bustanini walikuwa likizoni isipokuwa yeye. Walivaa kofia pana na kusoma vibao vya majina ya miti kwa sauti, kama watoto wa darasa la kwanza. Mama mmoja alisema mwaka jana maji yalikuwa na nguvu zaidi. Mumewe akamwambia ayahurumie, nayo yanazeeka. Mtunza bustani alipopiga chafya, upinde wa mvua ulitokea, wageni wakaupigia makofi.

Siku ya ishirini na mbili maporomoko yalirudi, yamenenepa na kunawiri, yakapita getini bila tiketi.

"Pole na kazi," yalisema, yakijipandisha mwambani.

"Nimeshapoa. Mlikwenda wapi?"

"Kwenu. Wewe si ndiye unayepasifia kila siku ukifagia hapa chini?"

"Mama hajambo?"

"Macho hayaoni tena. Alisikia tumeingia, akajua ni wewe. Akatushika, akauliza mbona umelowa hivyo, mwanangu. Alitufuta kwa taulo siku zote ishirini na moja. Anakusalimu sana. Anasema sasa hata akifa, ameshakuona."

Mtunza bustani aliutupa mpira chini, akaenda moja kwa moja ofisini. Meneja alimpokea kwa tabasamu pana.

"Mama yako amepiga simu kutushukuru. Nimeshaandika kwenye faili lako kwamba likizo umechukua. Umependeza kweli, inaonekana umepumzika."

Mtunza bustani akatoka kwenda kufagia. Alitaka kulia, lakini wageni walikuwa wanapiga picha.