Wanasesere wa Machi

Machi tatu ni sikukuu ya wasichana, na Machi nne asubuhi, kabla sijanywa chai, mama yangu Fusae huwa ameshawafungia wanasesere wake wa sikukuu kwenye boksi. Mfalme, malkia na wajakazi wao wakichelewa kuondolewa, binti wa nyumba naye huchelewa kuolewa. Ndivyo walivyoamini kwao Niigata, Japani, na ndivyo tulivyoishi hapa Gardena, California, tangu nizaliwe.

Mwaka huu nafika nyumbani wiki mbili baada ya sikukuu, nawakuta wamekaa vilevile kwenye kitambaa chao chekundu. Nami Juni naolewa na Trevor, nahamia kwake Chicago. Kuuliza si ujinga, nikauliza.

"Mama, hawa bado wanafanya nini hapa?"

"Mvua. Wakifungwa na unyevu wataota ukungu."

"Mvua gani? Wiki nzima jua linachoma!"

"Basi mgongo. We Chizu, umekuja kula au kunihoji?"

Mgongo huo jana yake, kama alivyojisifu kwenye simu, ulikuwa umesukuma friji. Njia ya mwongo ni fupi. Nikamwacha aoshe mchele, nikashusha boksi, nikaanza kumfunika malkia uso kwa karatasi laini, kama alivyonifundisha.

"Mwache!"

Nilishtuka. Mama hapigi kelele.

"Hutaki niolewe? Trevor kakukosea nini?"

"Trevor hana kosa. Anakula hata maharage yangu yanayonuka." Akafuta mikono kwenye aproni, akaendelea kufuta hata ilipokauka. "Mwaka wangu wa mwisho kwetu, mama aliwafunga usiku uleule wa sikukuu. Hakungoja kuche. Mwaka haujaisha, baba yako akaniposa, akanileta huku."

"Si ndicho Bibi alichotaka?"

"Ndicho. Hakuniona tena mpaka akafa."

Nilidhani yote ya mama nayajua. Hili sikulijua, nikataka kujua zaidi.

"Siku unaondoka, Bibi alilia?"

"Sijui," alisema. "Niliogopa kugeuka."

Maskini mama yangu. Miaka yote hiyo hajui.

"Juni naondoka, Mama. Na nitageuka."

"Ukigeuka utanikuta nalia."

"Basi nikukute."

Kisha akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaanza kuwafunga wajakazi. Malkia akamwacha wa mwisho.