Mtamba wa Mpishi

Isidori, fundi simu wa Haydom, alikuwa na siri moja tu, na siri hiyo ilinukia kitunguu swaumu. Nyumbani kwake mpishi alikuwa yeye. Mkewe Bernadina ni nesi, zamu zake hazieleweki, na hata akiwa nyumbani mkono wake haujawahi kupatana na sufuria. Ugali wake huwa na mabuje ya unga usioiva, na wali wake mtu asipoambiwa ataomba kijiko cha uji.

Basi Isidori akifunga duka hupitia gengeni, huingia ndani, hukomea mlango na kuwasha gesi. Dakika ishirini na tano baadaye watoto wanakula. Maharage huchemsha Jumapili, sufuria zima, siku za kazi anaunga tu. Nyanya huzikwangua badala ya kuzikata, maana zilizokwanguliwa huiva upesi. Mchicha huingia mwisho kabisa, na hapo hapo moto unazimwa. Majirani wakisikia harufu humsifu Bernadina, naye hujibu "asante" bila kupepesa macho.

Mambo yalikwenda vizuri hivyo mpaka Mzee Tluway alipochomwa na mwiba.

Mzee Tluway ni baba yake Isidori, mfugaji wa Bashay, aliyefiwa na mke miaka sita iliyopita. Alikuwa akiziba zizi, mwiba ukamwingia jicho la kulia. La kushoto lilishafunikwa na mtoto wa jicho zamani. Jumatatu akashushwa kwenye basi akiwa ameshikwa mkono, hospitalini wakamsafisha, wakamfunga bandeji, wakamwambia arudi Ijumaa. Kwa siku hizo angekaa kwa mwanawe, kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, ambako jiko la gesi liko kona ya sebule, hatua tatu kutoka kiti cha mgeni.

Mzee ana sheria zake, na hajawahi kumwomba mtu ushauri juu ya hata moja. Mwanaume hashiki mwiko. Samaki ni nyoka wa majini, haliwi na mtu mwenye ng'ombe. Na kijana aliyeacha ng'ombe wa baba yake akaenda kupasua matumbo ya simu hasifiwi. Isidori alikuwa amesubiri miaka ishirini kusikia neno "vizuri" kutoka kinywa kile, mara moja tu, hata kwa bahati mbaya. Alikuwa hajalisikia.

"Nitapika mimi wiki hii," Bernadina alinong'ona chumbani.

"Baba ni mgonjwa," Isidori akasema. "Tusimwongezee."

Wakakubaliana kufa na tai shingoni. Bernadina aliomba zamu za asubuhi wiki nzima. Jioni aliketi kwenye kigoda kando ya jiko, akigonga mfuniko na kusema kwa sauti, "Baba, vumilia kidogo, naweka chumvi." Isidori alisimama pekupeku, akikata, akikaanga, akikoroga, akibana pumzi kama mwizi nyumbani kwake mwenyewe.

Jumanne wateja walikuwa wengi na genge lilishafungwa alipofika. Ndani palikuwa na dagaa tu. Isidori alisita, akamwangalia baba yake na ile bandeji, kisha akajiambia kwamba asichokiona mtu hakimkasirishi. Alikaanga dagaa mpaka wakakauka, akaweka kitunguu, nyanya, pilipili kidogo, akamalizia kwa ndimu.

Loveness, binti yao wa darasa la tatu, ndiye aliyeombea chakula. "Baba Mungu, bariki chakula hiki, na umbariki aliyekipika," akasema, kisha akamtazama baba yake na kucheka. Bernadina akamfinya.

"Amina," akasema mzee.

Alikula akamaliza. Akaongezewa, akala tena. Akafuta sahani kwa tonge la mwisho, halafu akasema, "Isidori, wenzako wameoa sura. Wewe umeoa mkono." Akaomba apigiwe simu Patriki, mwanawe mkubwa aliyebaki na mifugo. "Yule mtamba mweusi mwenye baka pajani," akamwambia, "nimempa mke wa Isidori. Nimeshatamka."

Mtamba! Ng'ombe jike mzima kwa ajili ya dagaa! Bernadina alishukuru kwa magoti yote mawili. Isidori alikwenda nje kumwaga maji ambayo hayakuwa machafu. Iliuma, tena iliuma sana. Sifa alizozisubiri ujana wake wote zilikuwa zimekuja mpaka sebuleni kwake, zikampita akiwa ameshika mwiko, zikamwangukia mtu aliyekuwa akigonga mfuniko. Na kuzidai hangeweza bila kukiri mambo mawili: kwamba anapika, na kwamba amemlisha baba yake nyoka wa majini.

"Ng'ombe wangu usimwonee wivu," Bernadina alimtania usiku ule. Isidori akageukia ukutani.

Ijumaa bandeji ilitolewa. Jicho lilikuwa jekundu, lakini lilikuwa linaona, na likatazama kila kitu sebuleni, hasa jiko. Daktari alisema akae mpaka Jumatatu. Jioni ile Bernadina hakuwa na ujanja, akapika. Maharage yaliungua chini na kubaki na maji juu. Ugali ulikuwa na mabuje ya kutosha kujengea zizi. Mzee alikula yote, polepole, kwa uso wa mtu anayemeza dawa.

"Mkono umechoka, mwanangu," akasema kwa upole. "Kazi za hospitali ni nyingi."

Jumamosi jioni, kabla gesi haijawashwa, Mzee Tluway aliinuka, akageuza kiti chake, akakaa akiutazama ukuta.

"Mwanga unaniumiza," akasema. "Daktari amenikataza."

Bernadina alikuwepo daktari alipozungumza, na daktari hakukataza kitu kama hicho. Akamtazama mumewe, akampa kisu. Isidori alivua viatu. Jumapili ikawa vilevile.

Jumatatu alimsindikiza baba yake stendi. Mzee alipanda ngazi ya basi, akashuka tena, akamvuta mwanawe pembeni mbali na abiria.

"Kitunguu kinatangulia, au nyanya?"

"Kitunguu, baba."

"Na vile vidogo vyenye macho, vichwa vinatolewa?"

Isidori alihisi masikio yakiwaka moto. "Vinatolewa. Vikibaki vinaleta uchungu."

"Kuna mtu anauliza," mzee akasema, akapanda basi.

Isidori alibaki pale mpaka vumbi lilipotulia. Alijua chakula cha jioni cha baba yake hutoka kwa Patriki, ugali na maziwa, na hufika saa tatu kikiwa baridi. Alikuwa akilijua hilo kwa miaka sita, wala hakuwahi kujiuliza mzee anakula nini akichoka kusubiri.

Wiki mbili baadaye, katikati ya Agosti, alimpigia simu jioni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sema haraka."

Nyuma ya sauti ya mzee kulikuwa na mlio mkali usiokatika, kama wa kikaango motoni. Isidori aliufahamu kabla hajamaliza salamu.

"Baba, hiyo ni nini inayolia?"

"Mvua," akasema mzee.

Mvua, Bashay, mwezi wa vumbi! Isidori alisikiliza kidogo. Mlio ulikuwa umeanza kuwa mkavu.

"Baba, vuta ukuni mmoja nje. Hiyo mvua itaungua."

Kisha ukuni ukasikika ukiburuzwa, na mlio ukapungua.

"Nimevuta," mzee akasema. Hakukata simu. Isidori alisubiri, kama alivyozoea kusubiri.

"Inanukia," akasema baba yake hatimaye. "Inanukia vizuri."