Dakika Kumi na Moja

Kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani, Bakhit alionekana ameketi juu ya bomba, hatikisiki, namba 214 ikisomeka kifuani. Meneja aliisimamisha mashine ya filamu, akaitazama saa yake.

"Dakika kumi na moja," alisema kwa Kiingereza. "Mwambie kazi yake imekwisha."

Aliyeambiwa ni Aflah. Alikuwa mkalimani wa kambi hii ya mafuta, magharibi ya Matrah, Omani, mwaka wa nne tangu aondoke Unguja pamoja na mamaye, mkewe Nasriya na watoto watatu. Kampuni ilileta mpiga filamu apime kasi ya wafanyakazi, na mchana huu wa mwaka 1968 madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili kila mtu ajione. Waliojiona hawakucheka.

Siku ya kupigwa filamu, jua lilimwangusha Aflah. Bakhit, mtu mzima wa kijiji cha Sidab aliyekulia Unguja, aliketi pale kwenye bomba akamtilia kivuli kwa mwili wake hadi fahamu zilipomrudia. Kamera ilimnasa aliyeketi, ikamwacha nje aliyelala. Aflah alimsihi asimwambie mtu. Mwezi uliopita wawili walioanguka walirudishwa makwao, karatasi zao zimeandikwa "hafai".

Sasa aliyafasiri maneno ya meneja, kila neno likimkwaruza ulimi.

Bakhit alimtazama kwa utulivu. "Mwambie nlichoka, mwanangu."

Basi. Bakhit alikuwa amemwachia mlango wazi. Aflah angepita, jioni akala wali na wanawe. Alimgeukia meneja.

"Alikuwa akimkinga mtu na jua," alisema. "Mtu aliyezirai. Mtu huyo ni mimi."

Meneja alilitazama shuka. "Simwoni."

"Kamera haikufika. Nilikuwa miguuni pake."

"Namba yako?"

"Mia tatu na sita."

Kalamu ilitembea karatasini. Waliambiwa wakasubiri nje hadi namba zao ziitwe. Mlango ulifungwa, mashine ikaanza tena kuunguruma, nao wakaketi kwenye ngazi, jua likiwachoma magoti.

"Mie nlisema neno moja tu," Bakhit alisema hatimaye. "Mbona kwa Kiingereza limekuwa refu hivyo?"

Aflah aliificha mikono makwapani. Bakhit alisogea kidogo, mabega yao yakagusana.

Ndani, meneja aliita namba kwa Kiarabu chake kibovu. Wote wawili waliinua vichwa, wakasikiliza.

Haikuwa yao.