Filimbi ya Darasa la Tatu

Siku hiyo mama Kasuku alitoka nyumbani mbiombio, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Masweta ya shule aliyaacha kwenye cherehani, kila moja na mkono mmoja. Alikuwa amechoka, amechoka kabisa. Wiki ya pili sasa bintiye, aliyepewa jina la Kasuku kwa sababu hanyamazi, alikuwa anakohoa kama gari bovu, na nyumbani kulikuwa na kichanga wa miezi mitatu aliyezaliwa kabla ya siku zake. Nesi alishamwonya: "Kwa huyu mafua si mafua. Ukiona mbavu zinabonyea akivuta pumzi, usingoje kesho."

Ndiyo maana Kasuku alikatazwa kumbusu mdogo wake, akakatazwa kumbeba, akahamishiwa chumba cha bibi. Sasa mama alitaka kumjua mwenye mtoto aliyeleta balaa lile darasani, amweleze vizuri.

Madirisha ya darasa yote yalikuwa yamefungwa, eti vumbi lisiingie. Watoto sitini, Kasuku akiwemo, walibanana kwenye madawati, nusu yao wakivuta makamasi.

"Mwalimu, humu mnasoma au mnapikwa kwa mvuke?"

"Karibu, mama Kasuku," alisema mwalimu kwa sauti iliyokauka. "Ila usinigombeze, nami naumwa."

Kabla mama Kasuku hajafungua tena mdomo, mtoto wa dawati la mbele alisimama, akachomoa filimbi mfukoni na kuipuliza. Mapumziko. Kisha akampa mwenzake, naye akaifuta kwenye kaptula, akapuliza.

"Na hii nini tena?"

"Zawadi, mama. Anayefika wa kwanza ndiye mpuliza filimbi wa siku hiyo, na rafiki yake anaonja. Tangu tuanze, hakuna anayechelewa."

Mama Kasuku alishika kichwa. "Mdomo kwa mdomo! Si mngelamba kijiko kimoja wote, mkamaliza kazi?" Akawageukia watoto. "Haya, nani alianza kukohoa humu? Semeni!"

Hawakuhitaji kufikiri. "Kasukuuu!"

"Jumatatu ile aliwahi yeye," mmoja aliongeza. "Akapiga chafya ndani ya filimbi, ikalia yenyewe! Tulicheka!"

Kasuku aliinamisha kichwa. Jumatatu ile mama yake aliikumbuka vizuri. Mtoto aliamka macho mekundu, akasema, "Mama, mwili unauma." Naye, masweta kumi na mawili yakimngoja, alimjibu: "Mafua hayajawahi kumfukuza mtu shule. Ondoka, uwahi."

Na kweli aliwahi.

Alimshika mkono, wakarudi nyumbani. Bibi, mama wa mumewe, alikuwa amesimama mlangoni na kichanga begani.

"Tangu utoke hajanyonya. Hebu muangalie."

Mama alifunua blanketi. Mbavu zilikuwa zinabonyea.

Hospitali nesi alimpachika mtoto mrija wa hewa puani huku akisonya. "Huyu wa sita leo, na wote wana kaka au dada shuleni. Wewe si nilikuambia?"

"Nilimkataza mkubwa asimbusu."

"Ulimkataza lini? Alipoanza kuumwa, au ulipochoka kusikia kikohozi?"

"Nyani haoni kundule," bibi alinong'ona.

"Mama, na wewe!"

"Najisema na mimi, mwanangu. Jumatatu nilimwona yule mtoto anatetemeka, nikamfunga kamba za viatu."

Siku ya tatu mtoto alinyonya kidogo, akalala, mbavu zimetulia. Mrija ulikuwa bado haujatolewa. Kasuku alikuwa kwa shangazi yake, kitandani. Asubuhi bibi alishika zamu, na mama akaenda kusimama kwenye geti la shule. Hakukaa sana, akatokea jirani yake muuza mboga, anamburuta mwanawe, pua zinachuruzika.

"Mrudishe huyo, jirani."

"Mafua tu haya."

"Nami nilisema hivyohivyo. Wangu anapumua kwa mrija."

Muuza mboga alisimama. Alimtazama mwanawe, akatazama kapu lake, akakunja uso kama anayetaka kulia au kugombana. "Sasa nimwache na nani? Niambie wewe!"

Hilo ndilo lililomuudhi mama Kasuku kuliko yote: swali lenyewe lilikuwa lake pia, Jumatatu ile.

"Mpeleke kwa wifi yangu," alisema. "Alale na Kasuku. Hao wameshaambukizana, hakuna cha kuharibika. Nenda, nitamwambia mwalimu."

Ndani ya uzio filimbi ikalia, ikakatika katikati, kikafuata kikohozi kirefu.

"Jamani, jamani!" alisema mama Kasuku, akalisukuma geti.