Fundo la Mkono wa Kushoto

Mimi na Tsonka tulizaliwa siku moja. Yeye alinitangulia kwa dakika kumi, na dakika hizo kumi alinisimanga nazo kwa miaka sitini na minane. "Nyamaza, mimi ndiye mkubwa," alikuwa akiniambia, hata tulipogombania kijiko. Hakuna kitu pacha wangu alichokipenda duniani kama kunitangulia.

Ndiyo maana kila Machi tulikuwa na mashindano yetu. Hapa kwetu, tarehe mosi ya mwezi huo, kila mtu hufungwa uzi mkononi, mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja. Tunauita martenitsa. Ni wa kumbembeleza Bibi Machi, maana bibi huyo hasira zake ni za ghafla, asubuhi anakuchekea na mchana anakumwagia theluji. Uzi huo hujifungi mwenyewe, unafungwa na mtu anayekupenda, na huuvui mpaka umwone korongo wa kwanza, ndege anayerudi na joto, au mti wa matunda uliochanua. Ukishaona, unauvua, unaufunga kwenye tawi, na baridi kwako imekwisha. Hayo ni ya kijiji kizima. La kwetu sisi wawili lilikuwa hili: atakayemwona korongo kwanza anakimbia kufunga uzi wake kwenye mplamu wa uani, na aliyeshindwa anaingia jikoni kupika banitsa, ule mkate wa tabaka nyembamba na jibini katikati. Nimepika banitsa nyingi sana maishani mwangu.

Mimi nilimfunga yeye, yeye akanifunga mimi. Hatukuolewa, kwa hiyo hapakuwa na mwingine. Tsonka alitumia mkono wa kushoto, na fundo lake lilikwenda kinyume na mafundo ya watu, mizunguko mitatu halafu ncha inarudi chini. Ningelitambua kwa kidole tu, bila kutazama.

Alifariki mwezi Mei mwaka jana.

Mwaka huu, siku ya mwisho ya Februari, nilikaa na nyuzi zangu karibu na jiko, na mikono ikasokota mbili. Mikono haijui habari za msiba. Mmoja nikautia motoni, mwingine nikauweka mezani. Asubuhi yake jirani yangu Nedyalka, mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto, aliinua kichwa juu ya ukuta wa ua.

"Velika, leta mkono nikufunge, shoga yangu. Usikae mkono mtupu siku kama ya leo."

"Niache."

"Haya, kaa na kiburi chako. Bibi Machi akikugandisha usiniite."

Nilimwambia aniache kwa sababu nilitaka kulia, na sipendi kulia mbele ya Nedyalka. Mchana nilisinzia kwenye kiti. Nilipoamka jiko lilikuwa limezimika, mezani hapakuwa na uzi, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa umefungwa. Nikapitisha kidole kwenye fundo. Mizunguko mitatu, na ncha imerudi chini.

Mlango nilikuwa nimeufunga kwa komeo, na komeo lilikuwa mahali pake. Nitasema kweli: sikuogopa siku ile. Nilifurahi. Niliubusu ule uzi kama mjinga.

Wiki ya tatu ikaisha. Asubuhi moja nikasikia Nedyalka anapiga kelele ukutani.

"Velika wee! Umelala? Toka umwone mgeni!"

"Mgeni gani?"

"Korongo, mama! Juu ya nguzo, pale shuleni. Ana miguu mirefu kuliko ya marehemu mume wangu!"

Kiota kiko juu ya nguzo ya umeme mbele ya shule iliyofungwa, na kutoka uani kwangu kinaonekana vizuri. Nikatazama. Niliona nguzo, nyaya, na rundo la vijiti lenye theluji iliyoganda ukingoni.

"Simwoni."

"Humwoni vipi? Si huyo anajikuna!"

"Nedyalka, sina hali ya utani leo."

Akanitazama, kisha akatazama nguzo, kisha akanitazama tena. Hakucheka, na Nedyalka ni mtu wa kucheka hata mazishini.

Kesho yake ilikuwa siku ya gari la mkate. Watu sita walikuwa wamepanga foleni, na wote sita wameinua nyuso upande mmoja, wakitabasamu. Gencho, muuza mkate, alinionyesha kwa kidole. "Bibi Velika, ona, na mkewe naye amefika leo. Au macho yameingia ukungu?" Nikatazama kile kiota kitupu nikasema ndiyo, ukungu. Ndipo nikagundua jambo jingine. Wao walikuwa na mashati tu. Mimi nilivaa koti la sufu la Tsonka na kitambaa shingoni, na pumzi yangu ilitoka moshi. Yao haikutoka.

Tangu siku hiyo nikawa peke yangu ndani ya baridi. Maji ya kuku wangu yaliganda mchana kweupe, kuku wakaacha kutaga. Niliwasha jiko asubuhi hadi jioni na vidole havikupata joto. Na palikuwa na mlio wa nyundo. Ko-ko-ko-ko, mfululizo, inanyamaza, inaanza tena, kila siku, kutoka upande wa shule.

"Unapigilia nini kutwa nzima?" nikamuuliza Nedyalka.

"Mimi? Nyundo yenyewe sijui iko wapi."

Alikuja ndani na glasi ya maji yenye tawi la mplamu alilolivunja uani kwangu. Akaiweka mezani. "Nusa," akaniambia. Niliona kijiti cheusi. Akapitisha kiganja juu ya meza, taratibu, kama mtu anayekusanya maua yaliyodondoka, akayatia kwenye kiganja kingine. Mezani hapakuwa na kitu, na kiganjani mwake hapakuwa na kitu. Halafu akanishika mkono, akauachia haraka.

"Mungu wangu, Velika. Mkono wako ni wa maiti."

"Asante."

"Sikutanii! Umepungua nusu. Ukiendelea hivi hufiki Pasaka. Fungua uzi huo. Sema tu umemwona, nani atakubishia?"

Nikasema, kwa sauti, "Nimemwona korongo." Uzi ukakaza. Sikuuona ukisogea, lakini ulikaza mpaka ngozi ikatoka pande zote mbili na vidole vikawa vyeupe. Nedyalka alikimbilia mkasi. Mkasi ulipofika nikauficha mkono chini ya aproni, na hata leo sijui kama nilikuwa naogopa kuukata au naogopa kumkata Tsonka. Taratibu uzi ukalegea.

Nedyalka akakaa chini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema kwa sauti ndogo.

"Nani alikufunga?"

Nikautoa mkono chini ya aproni. Aliliona fundo. Ametazama mafundo ya Tsonka miaka arobaini.

"Na wa kwake? Ule wa mwaka jana, mliufunga kwenye mti gani?"

Hapo ndipo ilipo aibu yangu, na afadhali niiseme yote. Machi ya mwaka jana Tsonka alikuwa kitandani. Daktari alinivuta pembeni akaniambia ni wiki, si miezi. Tsonka hakuambiwa, lakini hakuwa mjinga. Nilipomfunga uzi wake, ambao mwaka ule niliutia ushanga wa buluu dhidi ya jicho baya, alisema, "Korongo akifika nitajua la kufanya. Ama nitanyanyuka, ama nitakwenda. Nimechoka kulala hapa katikati." Mimi nilijua ni lipi kati ya hayo mawili. Na sikutaka aende. Nani angebaki kunisumbua?

Korongo alifika Jumapili, tarehe ishirini na nne. Nilimwona mwenyewe, wa kwanza kijijini, mara moja ya pekee niliyowahi kumshinda. Niliingia ndani, akaniuliza, "Bado?" Nikasema bado.

Nilimwambia bado kwa wiki sita. Nilivuta pazia la chumba chake asiuone mplamu. Korongo wanagonganisha midomo, mlio wao unafika mbali, naye akaniuliza, "Velika, ni nini hicho kinagonga?" Nikamjibu, "Nedyalka anapigilia banda la kuku." Kila siku akaniuliza, kila siku Nedyalka wa watu akapigilia banda la kuku. Alikufa siku mbili baada ya sikukuu ya Mtakatifu Jorji, kijiji kizima kimejaa majani, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Majira ya baridi ya mwaka huu ni marefu." Kwa haraka ya mazishi, tukamzika na uzi mkononi.

Nedyalka alipiga ishara ya msalaba mara tatu. "Mimi mwenyewe nilikuita siku ile. Nilipiga kelele ukutani kwamba amefika!"

"Ulipiga kelele. Nikamwambia unafukuza mbwa."

"Yule mwenzako bado anangoja, Velika."

"Najua."

"Na amekuketisha ungoje naye."

"Najua, Nedyalka! Unafikiri sijui?"

Siku hiyohiyo, saa sita mchana, nilikwenda makaburini na chupa ya divai na bakuli la ngano ya kuchemsha, kama inavyopasa kwa marehemu. Makaburi mengine yalikuwa makavu. La Tsonka lilikuwa na theluji, mpya, laini, hadi kwenye picha yake ya jiwe la kichwani. Nikamwaga divai, ikazama bila sauti.

"Tsonka," nikasema, "nisikilize na usinikatize kama kawaida yako. Alifika. Mwaka jana alifika tarehe ishirini na nne, Jumapili, kabla ya kengele ya kanisa. Nilimwona. Ulichokuwa unasikia alikuwa yeye na mkewe, na Nedyalka hajawahi kupigilia kitu katika maisha yake. Mplamu ulichanua nyuma ya pazia lako. Nilikunyima, kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu na nyumba ile. Haikuwa kwa ajili yako. Nilisema ni kwa ajili yako, lakini haikuwa. Ulikuwa na haki ya kwenda ukiwa umeona. Nisamehe, au usinisamehe, lakini usikae ukingoja. Majira ya baridi yaliisha zamani."

Hakuna kilichotokea. Theluji ilibaki, uzi ulibaki. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikikokota miguu nisiyoisikia, nikimtukana njia nzima. Nilikuwa nimemaliza maneno na nilikuwa nakufa kwa baridi, na yeye, hata akiwa mfu, alitaka kuwa na neno la mwisho.

Nyumbani sikwenda jikoni. Nilikwenda chumbani kwake, ambamo sikuwa nimeingia tangu tulipomtoa. Pazia lilikuwa bado limevutwa kama nilivyolivuta mimi. Na nyuma yake, ko-ko-ko-ko. Nikalishika pazia. Nikasema, "Tsonka, Nedyalka hapigilii kitu," nikalifungua.

Uani kulikuwa kweupe. Nilidhani ni theluji. Kisha upepo ukapita na weupe wote ukatikisika, na kipande kimoja kikaja kikagota kwenye kioo. Lilikuwa ua la mplamu.

Nilitoka nje bila koti. Jua lilinipiga usoni hadi nikafumba macho. Nilipofumbua nikatazama nguzo, na walikuwa pale wote wawili, wamerudisha shingo nyuma hadi mgongoni, wakigonganisha midomo kama wendawazimu. Nililia kwa sauti, na Nedyalka alikuwa ukutani ananiona, na sikujali. Nikagusa fundo kwa kidole kimoja. Lilifunguka lenyewe, uzi ukaniangukia kiganjani.

Nikauchukua hadi kwenye mplamu, nikavuta tawi la chini, lile ambalo tulilitumia tangu tukiwa wasichana. Palikuwa pameshafungwa uzi. Ulikuwa umeoza nusu, mwekundu na mweupe vyote vimekuwa rangi moja ya udongo, na udongo wenyewe ulikuwa bado mbichi. Katikati yake palikuwa na ushanga wa buluu. Nikapitisha kidole kwenye fundo. Mizunguko mitatu, na ncha imerudi chini.

Nikafunga wangu pembeni yake. Mikono yangu haikuwa ya baridi tena.

"Nani amefunga huo mwingine?" Nedyalka aliuliza kutoka ukutani.

"Nani mwingine?" nikasema. "Amenitangulia tena, mshenzi yule."

Nikaingia jikoni, nikawasha jiko, nikashusha debe la unga. Aliyeshindwa ndiye anayepika.