Mapacha Waliobeba Siri ya Macho ya Mama

Usiku wa jana niliota nimekaa ofisini Shinyanga, napokea mapacha kwa waya. Dada yangu Kabula yuko Mwanza, naye anapokea. Daktari alikuwa amemwambia kwamba macho ya mama hayatafika mwisho wa mwaka, tukakubaliana mama asijue. Tulihitaji ufunguo wa kufungia barua zetu.

Ufunguo unatengenezwa hivi. Mashine iliyo katikati ya njia inazaa mapacha wa nuru. Kulwa anakuja kwangu, Doto anakwenda kwa Kabula. Kulwa akinijibu ndiyo, na Doto kule Mwanza anajibu ndiyo, wala hawakupigiana simu; majibu hayo yanayolingana ndiyo ufunguo wetu. Akitokea mdaku akawahoji njiani, majibu yanaanza kupishana, nasi tunamgundua.

Mapacha wengi hawafiki. Hao hatuwahesabu, tunasema wamechoka njiani. Waliofika walijibu sawasawa wote, nami nikajisifu kwa sauti, maana kazi yangu naijua.

Mara ofisi ni kwa kinyozi. Kipokezi, lile jicho la chuma linalowapokea mapacha, kimekaa kitini na taulo shingoni. Kinasema hakioni kitu. Kimemulikwa tochi usoni tangu asubuhi, na sasa kinatamka kile tu ambacho mwenye tochi anataka kitamke.

"Mbona hukusema?" nakiuliza.

"Uliniuliza nimeona nini. Hukuniuliza kama naona."

Nataka kujua tochi ni ya nani. Kinanionyesha waya, nami naingia, maana mlango upo. Mle ndani ni uani kwetu, saa sita mchana. Mama amekaa kwenye kigoda anachambua mchele, tochi iko mapajani. Pembeni yake wamejipanga mapacha wote ambao hatukuwahesabu, wanakula viazi. Naona aibu hadi masikio yanawaka.

"Mama, umesikia kiasi gani?"

"Endeleeni na siri yenu, mwanangu. Ila hawa watoto wa watu, mngewaulizia."

Nikaamka, kumekucha. Nilipotoka uani nikakuta kamba ya katani imefungwa kutoka mlango wa chumba cha mama hadi chooni, usawa wa kiuno. Mama alikuwa anaifuata taratibu, amefumba macho. Siri ile mimi sikuwa nimemwambia, na Kabula baadaye aliapa kwamba naye hakumwambia.

Nikamkimbilia.

"Usinishike mkono, Maige," akasema. "Niache nizoee mapema."