Ni Mama Tu

Wiki ya Maktaba ilipofika, chuo kizima kilijua, hata wale ambao mara ya mwisho kuuona mlango wa maktaba ilikuwa siku ya kupigwa picha za vitambulisho. Mabango yalibandikwa kila ukuta: mafunzo ya kutafuta majarida mtandaoni, mdahalo, kupimwa macho bure, na Ijumaa kilele ukumbini. Kwenye dawati la msaada aliketi kijana wa mwaka wa tatu ambaye wenzake walimwita Profesa, kwa sababu ya mashati yake yaliyonyooshwa na tabia yake ya kusafisha koo kabla ya kujibu swali, hata akiulizwa choo kiko wapi.

Profesa alikuwa na siri moja, na wala haikuwa ya kutisha. Alipofika chuoni, rafiki yake mmoja waliyempa jina la Redio, kwa kuwa hakuna aliyejua pa kumzimia, alimuuliza mama yake anafanya kazi gani. Akasema ni mwalimu. "Ndiyo maana unaongea hivyo," Redio akamwambia, na tangu siku hiyo marafiki wakajijengea vichwani mwao mwalimu mkuu mwenye gari na miwani ya mnyororo. Kweli mama yake alikuwa mwalimu. Aliwafundisha watoto wadogo kuhesabu na kuimba, katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya jirani, naye mwenyewe hakuvuka shule ya msingi. Profesa hakudanganya. Aliacha tu watu wakosee wenyewe, na uongo mwingi wa dunia hii huingilia mlango huohuo.

Sasa, mwaka huo ikatangazwa kwamba asiye na cheti hatafundisha tena, hata kama ni watoto wa kuimba. Mama hakulia wala hakulalamika. Alikwenda kujiandikisha katika kozi ya ualimu wa awali ya watu wazima, kwenye chuo kilekile anachosoma mwanawe. Profesa alimpa hongera kwa simu, kisha akajituliza moyo kwamba chuo ni kikubwa na wanafunzi ni maelfu. Ni kweli, chuo kilikuwa kikubwa. Lakini maktaba ilikuwa moja.

Jumatatu asubuhi chumba cha kompyuta kilijaa. Profesa alikuwa katikati ya kueleza namna ya kufungua akaunti ya maktaba, ambayo bila hiyo hakuna kuazima kitabu wala kutuma kazi kwa mwalimu, mara akasikia mtu mlangoni akisema hodi. Hakuna aliyejibu, maana nani hupiga hodi maktaba? Ikaja ya pili, ya juu zaidi: "Hodi humu ndani, jamani."

Hakuhitaji kugeuka. Sauti hiyo ndiyo iliyomwamsha kwenda shule miaka yote. Alipogeuka alimkuta mama yake amesimama kizingitini, mkoba begani, miguu mitupu. Alikuwa ameona zulia, akavua viatu na kuviacha nje vimepangwa vizuri, visigino ukutani.

Kicheko kilipita chumbani, si kikubwa, kile cha kuzibwa kwa kiganja. Redio, aliyekuwa mstari wa mbele ingawa akaunti alikuwa nayo tangu zamani, akainama na kumuuliza Profesa kama anamjua mtu huyo.

"Ni mama tu," Profesa akasema.

Lugha yetu ina ukarimu uliopita kiasi kwa neno hilo. Muuza nyanya ni mama, mfagizi ni mama, waziri ni mama, na mtu usiyemjua kabisa ukitaka akupishe njia, naye ni mama. Redio alisikia mama yeyote, mama wa barabarani. Ilibaki kuongezwa "yangu" na mambo yangekuwa sawa, lakini Profesa hakuiongeza. Na mama alikuwa amekwisha kusogea kiasi cha kusikia. Lile tabasamu alilokuja nalo likabaki usoni halina kazi.

Profesa akamwambia karibu mama, kaa pale, kwa sauti ileile ya ofisini anayowapa wote. Mama alimtazama kidogo tu.

"Ahsante, kaka," akasema, akaenda kukaa.

Kaka! Mtu aliyembeba mgongoni akiwa na surua anamwita kaka, kama abiria anavyomwita kondakta. Masikio ya Profesa yaliwaka moto. Aliona aibu mpaka shati likamgandama mgongoni, na cha ajabu ni kwamba haikuwa tena aibu ya ile miguu mitupu. Alijionea aibu yeye, na aibu ya namna hiyo huwezi kuitoroka kwa kuhama kiti.

Aliendelea kufundisha kwa sababu mdomo ulikuwa umezoea. Walipofika kwenye nywila, aliwaambia wote anachowaambia kila mwaka: chagua neno ambalo huwezi kulisahau hata ukiamshwa usingizini. Kisha akapita nyuma ya viti kuangalia. Kwa mama, kioo kilionyesha vinukta tu, lakini yeye alikuwa akibonyeza kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, midomo ikitamka kimyakimya, na Profesa akakifuata kile kidole. Lilikuwa jina lake la utotoni, lile ambalo haliitwi popote isipokuwa nyumbani. Akasema "vizuri, mama," akapita kwenda kiti cha pili, akijidharau kila hatua.

Aliapa kwamba kabla ya Ijumaa atawaambia rafiki zake. Jumanne mama alikuja na swali la namna ya kutaja vyanzo, na Redio alikuwepo. Jumatano alikuja kujifunza kupakia kazi yake ya kwanza, na Redio alikuwepo tena, anapimwa macho yasiyo na ugonjwa wowote. Kila mara mama alisema samahani kaka, ahsante kaka, bila kununa na bila kukosea hata mara moja. Profesa alitamani akosee. Alitamani lile jina la nyumbani limponyoke mbele za watu, ili yeye aokolewe bila kufanya kitu. Mkataa kwao ni mtumwa, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba mtumwa mwenyewe hukaa akimsubiri huyohuyo aliyekataliwa ndiye amkomboe.

Alhamisi mdogo wake wa kike, aliyekuwa bado nyumbani na mama, alimpigia simu. Alisema mama anamsifu kutwa, eti mwanangu anafundisha watu mpaka wanaelewa. Halafu akauliza.

"Lakini mbona ametukataza kuja kukusalimia huko? Anasema una heshima yako huko, tusiiharibu."

Profesa alisema mtandao unasumbua, akakata. Mtandao haukuwa na tatizo lolote.

Ijumaa ukumbi ulifurika. Mkutubi mkuu, mwanamke wa makamo asiyecheka ovyo, alisoma majina ya waliofanya vizuri wiki hiyo. Katika kozi ya watu wazima, wa kwanza kutuma kazi yake yote kwa mtandao, na kwa wakati, alikuwa mama. Alipanda jukwaani na viatu vyake safari hii, akapewa kitabu na kipaza sauti, akaulizwa kama ana neno. Profesa, aliyesimama ukutani kati ya Redio na wenzake, alijikuta anaomba. Hakujua kama anaomba mama aseme au anyamaze.

"Mimi nilipoingia humu sikujua hata pa kushika," mama akasema. "Kuna kijana pale dawati la msaada, amenielekeza bila kunichoka. Jina lake sikulishika. Lakini popote alipo mama yake, ninamshukuru kwa malezi."

Ukumbi ukapiga makofi. Yeye aliyempa mtoto jina amesema mbele ya halaiki kwamba hakulishika, na amelisema kwa utulivu, bila kumtazama, ili mtu yeyote asije akashuku. Profesa alitamani sakafu ipasuke. Rafiki zake walikuwa wakimgonga mgongoni na kumsukuma mbele, nenda bwana, unaitwa, nenda upigwe picha, na miguu ikaenda.

Mpiga picha wa chuo aliwapanga kando kwa kando. Akamwambia Profesa asisimame mbali hivyo, amsogelee mama, amshike bega kama mama yake. Redio na wenzake walikuwa wamesogea na simu zao. Hapo, bila hata kusafisha koo, Profesa akasema.

"Huyu ni mama yangu."

"Kabisa," Redio akajibu, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania. "Ni mama yetu sote huyu."

Watu wakaitikia, mama yetu, mama yetu, na makofi yakaanza upya. Hata mkutubi mkuu alitikisa kichwa kwa kuridhika kuona vijana wa siku hizi bado wana adabu. Profesa alifungua mdomo tena. Lilibaki neno moja tu, mzazi, aseme mama yangu mzazi na pasiwe na mtu wa kudhani ni heshima tu. Alimtazama Redio, akazitazama zile simu zote zilizoinuliwa, na neno likakwama palepale. Chini ya mkono wake bega la mama lilikuwa limekakamaa. Lilisubiri, naye alihisi kabisa kwamba linasubiri. Kisha likalegea.

"Tabasamu, kaka," mama akamwambia taratibu. "Watu wanangoja."